Kwa Nalepo Hapiti Mtu Kimya

Siku hizi mtu anakupita njiani kama anavyopita mti. Ukimuuliza habari anakujibu "nzuri" na mgongo umeshakugeukia, na hiyo nzuri yenyewe hujui ni ya nani. Jambo hili linaniudhi, na sitaki kuambiwa kwamba dunia imebadilika. Nimelelewa na bibi yangu Penina, na bibi yangu Penina alikuwa jirani yake Nalepo.

Nalepo alikuwa mama wa Kiarusha, mrefu, mwenye shanga nzito masikioni na sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Aliishi Arusha wakati wa Mdachi, mji ulipokuwa boma jeupe, maduka machache ya Wahindi chini yake, na barabara moja iliyochimbwa na magari ya ng'ombe ya Makaburu kila mvua iliponyesha. Nyuma ya maduka, kuelekea mto Themi, palikuwa na mtaa wa vibanda vya udongo na nyasi. Humo walikaa Waarusha, Wameru walioshuka mlimani kama bibi yangu, Wanyamwezi waliokuja na misafara wakachoka kurudi kwao, na Waswahili wawili watatu wa Pangani. Kila nyumba ilikuwa na lugha yake, na walipokutana nje walisema Kiswahili, kila mtu kwa ulimi wake.

Mume wa Nalepo alikuwa amefariki. Alimwachia ng'ombe wawili wa maziwa na binti mmoja, Namnyaki, na Nalepo alihamia karibu na soko ili auze maziwa. Namnyaki alikuwa ameposwa na Lemayian, kijana wa upande wa Sakina, na mahari ilikuwa imekwisha kutolewa. Kilichobaki ni siku yenyewe ya kumtoa binti, na Nalepo aliingoja siku hiyo kwa furaha na kwa uchungu, kama wafanyavyo kina mama wote wenye mtoto mmoja.

Basi pakatokea wezi. Wala si wezi wa usiku. Usiku mtaa ulijaa wanaume na mbwa. Hawa walikuja mchana. Asubuhi wanaume walikwenda kuponda mawe ya barabara au kulima mashamba ya walowezi, wanawake walikwenda sokoni, na mtaa ulibaki na kuku. Zikaanza kupotea sufuria, majembe, mashuka ya amerikani yaliyoanikwa uani. Siku moja bibi yangu akarudi akakuta gauni lake jeupe alilobatiziwa misheni ya Nkoaranga halipo. Alilia kama amefiwa. Hata uzeeni, alipofika hapo katika kusimulia, alikuwa anakunja uso upya.

Wanawake wakakutana mtoni, mahali pao pa kufulia. Mmoja akasema waende boma waombe askari.

"Askari akikaa hapa," akasema Nalepo, "kuku wataisha kabla ya wezi."

Wakacheka, lakini wakaona amesema kweli. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu ulikuwa wa kwao wenyewe. Wakapatana kwamba kila siku mwanamke mmoja atabaki mtaani kulinda nyumba za wote, kwa zamu, bila ujira wowote ila shukrani. Hapakuwa na bwana aliyewaamuru. Walijiamuru.

Kila mmoja alilinda kwa namna yake. Yuko aliyezunguka na mchi begani. Yuko aliyekaa na mbwa mkali ambaye aliuma majirani tu. Bibi yangu aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa ili wezi wajue kuna mtu, na wezi wakajua hasa yuko wapi, wakaingia upande wa pili. Lakini siku ya Nalepo hakikupotea hata kijiko. Wakadhani ni bahati. Zamu yake ikarudi, ikawa vilevile. Ndipo walipomwuliza anatumia dawa gani.

"Nasalimia," akasema.

Lazima nieleze hapa, maana kusalimia kwa Nalepo si huku kwetu. Wazee wa Kiarusha husema habari huliwa. Mgeni akifika, mnasalimiana, mnaketi, kisha yeye anaanza tangu alipoamka: ameamkia kwa nani, ameshika njia gani, amekutana na nani, mvua ikoje huko, ng'ombe wakoje, nani anaumwa na nani amejifungua. Wewe unaitikia "ee" kila penye kituo, kuonyesha kwamba unakula. Akimaliza, unamlisha zako. Maharage yanaweza kuiva hapo katikati. Nalepo aliketi juu ya jiwe pale njia ya mtoni inapoingia mtaani, na hakuna mtu aliyepita bila kulishwa na kulisha.

Bibi aliona kwa macho yake mwanaume mmoja aliyetokea na kitu kimevimba chini ya shuka lake. Nalepo akamwita. Akasema anatoka Moshi. Ee. Mito ilikuwaje? Ilikuwa mizuri. Ee, upi ulijaa? Yote. Na alivukaje? Yule mtu akaanza kutoka jasho. Amelala kwa nani? Kwa rafiki. Rafiki wa ukoo gani? Akasema amesahau kitu nyuma, akarudi haraka, na chini ya shuka likaanguka birika la Mnyamwezi jirani, likalia kwenye mawe kama kengele.

"Mwizi hana habari za kutosha," bibi yangu alikuwa akisema, na aliamini hivyo mpaka kufa.

Basi wanawake wakamwomba Nalepo ashike zamu zote, na wao wakachukua kazi yake. Maziwa yake wakamuuzia sokoni, kuni wakamletea, maji wakamchotea. Akakubali. Alikuwa na sababu nyingine ya kupenda kukaa, kwa kuwa pale juu ya jiwe alikuwa akishona ngozi ya harusi ya Namnyaki. Ilikuwa ya kondoo, laini, imepakwa mafuta na udongo mwekundu, na pindo zake zote alizijaza shanga nyeupe na buluu, moja moja. Mama Mwarusha humvalisha binti yake ngozi aliyoishona kwa mkono wake, na Nalepo alikuwa ameapa kwamba Namnyaki hatoki mlangoni kwake amevaa kitu cha dukani. Kila mpita njia aliiona ikikua. Wengine walianza kupita makusudi, waione na wasalimiwe.

Siku aliyoimaliza, harusi ikiwa imekaribia, Nalepo aliifunga katika shuka, akaiweka ndani, akaenda kumnywesha maji ndama. Aliporudi kwenye jiwe, alimwona kijana akitoka mtaani na mzigo begani.

"Wewe kijana! Huku hapiti mtu kimya!"

Kijana akasimama. Akautua mzigo. Akaja mpaka mbele yake, akainamisha kichwa aguswe, kama mtoto aliyefunzwa na mama yake. Nalepo akamgusa utosini, na moyo wake ukayeyuka. Mjini vijana walikuwa wameanza kunyoosha mkono kama Wazungu.

"Umeamkia wapi, mwanangu?"

"Nimeamkia Nduruma, Yeyo, kwa mama yangu. Naitwa Lerionka."

Alimwita Yeyo, yaani mama, kisha akaketi chini, akamlisha. Mvua imekataa Nduruma, vumbi tupu. Baba amefariki. Mama anaumwa mguu, hawezi kwenda kisimani. Wana ng'ombe mwenye pembe iliyopinda, amezaa halafu amemkataa ndama wake, inabidi ndama anyweshwe kwa kibuyu. Boma lao liko pale mfereji unapokata njia, penye mgunga mkubwa uliopigwa na radi. Njiani amekutana na Makaburu wamevunja gurudumu. Nalepo akawa anaitikia tu, ee, ee, macho yamefumba nusu. Tangu ahamie mjini hakuwa ameshiba habari namna ile. Alipomaliza kumlisha zake, akampa maziwa, akamtemea mate ya baraka kidogo kifuani, akamwombea kwa Engai, Mungu wao, afike salama.

Kijana akainua mzigo. Mzigo ukalegea.

"Hapana, utaangusha vitu," akasema Nalepo. "Lete." Akachomoa ukanda wa ngozi kiunoni mwake, akaufunga mzigo barabara kwa fundo lake mwenyewe, kisha akamtwika.

Nadhani umekwisha kuelewa mzigo ule ulikuwa na nini. Nalepo alielewa alipoingia ndani.

Wanawake waliporudi kutoka sokoni walimkuta amekaa mlangoni, mikono magotini. Akawaambia yote, hakuficha kitu. Halafu mmoja akasema polepole, "Yaani ulimfungia?" na mwingine akasema, "Na kumtwika?" na kicheko kikawatoka, wakajaribu kukizuia kwa kanga, wakashindwa. Bibi yangu naye alicheka, nisimtetee. Walicheka mpaka walipomwona Namnyaki. Binti alikuwa amesimama kando, anamtazama mama yake kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomliza Nalepo. Sokoni habari ilikuwa imeshafika jioni ile: mlinzi amemtwika mwizi.

Wanaume walikasirika. Walitaka kuchukua fimbo, au kwenda boma ili mwizi akipatikana achapwe kiboko. Nalepo alikuwa anafuta macho. Ghafla akaacha.

"Ng'ombe mwenye pembe iliyopinda," akasema.

"Nini, mama?" akauliza Penina.

"Hakunidanganya. Aliinamisha kichwa, nikamgusa. Mtu aliyeguswa hivyo na kuketi kulishana habari hawezi kuweka uongo ndani yake, utamkwama kooni. Kila alichosema ni kweli. Ila mzigo hakuusema, kwa kuwa mimi sikuuliza." Akasimama. "Kesho nakwenda Nduruma."

"Na sisi wenye fimbo," wakasema wanaume.

"Nyinyi mkionekana na fimbo ataingia porini na ngozi ya mwanangu. Nitakwenda na wanawake."

Wakaondoka kulipopambazuka, Nalepo mbele, bibi yangu na wengine wachache nyuma, na maziwa katika vibuyu, kama watu waendao kutazama mzazi. Bibi alisema njia ile hawakuuliza hata mtu mmoja. Walikuta gari la Makaburu limeegemezwa kwenye mawe bila gurudumu. Nalepo akasema, "Ee." Walikuta vumbi linalofika kwenye vifundo vya miguu. "Ee." Walipouona mgunga uliopigwa na radi, umesimama nusu mweusi nusu kijani, wanawake wakashikana mikono kwa furaha, na chini yake alikuwapo ng'ombe, pembe moja imetazama mbinguni na nyingine imetazama chini.

Mlangoni mwa nyumba aliketi mama mzee, mguu mmoja ameunyoosha. Juu ya ngozi zake alikuwa amevaa gauni jeupe la ubatizo.

Bibi yangu akafungua kinywa. Nalepo akamfinya mkono mpaka akakifunga.

"Takwenya!" akasalimia Nalepo kwa Kiarusha.

"Iko!" akaitikia yule mama, amefurahi. "Karibuni, karibuni! Wageni wangapi hawa! Mtanisamehe, mguu hauniinui. Mnalitazama gauni? Mwanangu ameniletea kutoka mjini. Ni mtoto mwema."

Bibi alisema hakuna mateso aliyoyapata duniani kama kukaa pale akilitazama gauni lake huku aliyelivaa akinywa maziwa. Lakini habari ilikuwa imeanza, na habari haikatizwi. Yule mama akawalisha zake kwanza. Kisha Nalepo akaanza zake. Katikati, Lerionka akatokea nyuma ya zizi anamvuta ndama, akawaona, akasimama kama kigingi. Nalepo hakumtazama. Aliendelea, tangu kufiwa na mumewe, kuhamia mjini, maziwa, wezi wa mchana, mapatano ya mtoni, mpaka jiwe.

"Ee," akaitikia yule mama.

"Nikashona ngozi ya harusi ya binti yangu, hana ndugu."

"Ee."

"Akapita kijana mwenye adabu. Akainamisha kichwa, nikamgusa. Nikampa maziwa, nikamwombea kwa Engai."

"Ee, umefanya vema."

"Mzigo wake ulikuwa umelegea. Nikaufunga kwa ukanda wangu, nikamtwika. Nikaingia ndani, ngozi ya mwanangu haipo."

Yule mama hakuitikia.

Hapo ndipo habari ilipokwama, na kila mwanamke aliyekuwapo aliisikia imekwama. Yule mama akalishika gauni lake kifuani, akalitazama, akamtazama mwanawe.

"Lerionka," akasema, "mmalizie mgeni habari yake."

Kijana akaingia ndani, akatoka na mzigo. Akauweka miguuni pa Nalepo. Ukanda ulikuwa juu yake, na fundo lilikuwa lilelile, halijaguswa.

"Nilishindwa kulifungua, Yeyo," akasema. "Vingine niliwauzia watu wa misafara, sikufikiri. Lakini wewe ulinitemea baraka. Kila nilipoushika mzigo mkono ulikataa. Na kuurudisha niliogopa kiboko." Akainama, akang'oa nyasi kavu za Nduruma mkono mmoja, akazinyoosha mbele, kama afanyavyo mtu anayeomba amani.

Nalepo akazitazama zile nyasi kitambo. Alikuwa na hasira, alisema hivyo baadaye, alikuwa na hasira ya kutosha kumzamisha mtoni. Lakini nyasi ni nyasi. Akazipokea.

Hukumu aliitoa yule mama mwenyewe, na ilikuwa kali kuliko ya wageni. Kijana atakwenda nao mjini, atapita nyumba kwa nyumba, ataeleza kila aliyemwibia habari yake yote kwa kinywa chake, na kwa kila alichouza atafanya kazi mpaka mwenye nyumba aseme basi. Kisha akalivua gauni. Bibi yangu, ambaye njia nzima alikuwa ameapa kwamba atamvua kwa meno, akajikuta anasema, "Mama, kaa nalo." Mzee akakataa katakata. Gauni lile nililiona mimi utotoni, bibi alilitunza sandukuni. Lilinuka siagi miaka yote, na hakutaka lifuliwe.

Mtaa ulicheka tena waliporudi, safari hii Nalepo akiwa wa kwanza. Lerionka alipasua kuni na kuchimba vyoo hadi viganja vya mikono vikachubuka. Na tangu siku ile Nalepo aliongeza swali moja mwishoni, baada ya mvua na ng'ombe na wagonjwa: "Na mzigo wako, una habari gani?" Likapendwa. Watoto walilichukua katika michezo yao, wanawake wakaulizana sokoni. Wezi hawakulipenda, wakahamia kwingine.

Siku ya harusi ilifika, mvua ikiwa imeosha mlima Meru ukawa karibu kama ukuta wa jirani. Namnyaki alinyolewa, akapakwa mafuta, akavikwa ile ngozi, na shanga zake zikawa zinasema kila alipopumua. Nalepo alimwombea ndani ya nyumba, akampa maneno ambayo mama humpa binti, kisha akatoweka. Wanawake wakaimba, Lemayian akatangulia, bibi harusi akafuata polepole, macho chini, kwa maana binti anayetoka kwao hageuki nyuma hata aitwe.

Msafara ukafika mwisho wa mtaa. Nalepo alikuwa amekaa juu ya jiwe.

"Mama Namnyaki!" akasema bibi yangu. "Hata leo?"

"Zamu ni zamu," akasema Nalepo. "Huku hapiti mtu kimya."

Nyimbo zikapungua, zikaisha. Namnyaki akaja mbele yake, akainamisha kichwa kilichonyolewa. Mama yake akaweka mkono juu yake, na hakuuondoa upesi.

"Umeamkia wapi?"

"Nimeamkia kwa mama yangu."

"Ee. Ng'ombe wakoje huko?"

"Wazima."

"Na mvua?"

"Imenyesha, Yeyo. Nyasi zinaota."

"Ee. Unakwenda wapi?"

"Nakwenda Sakina, kwa mume wangu."

Lemayian alikuwa anabadilisha miguu, jua linapanda. Hakuna aliyethubutu kumharakisha yule mama.

"Na mzigo wako," akasema Nalepo, na ile sauti ya kuita ng'ombe ikamtoka ndogo, "una habari gani?"

Namnyaki akashika pindo la ngozi.

"Nimevikwa na mwenyewe," akasema. "Sikuiba kitu."

Nalepo akatafuta swali lingine. Bibi yangu alisema ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akitafuta swali na kulikosa.

"Basi pita, mwanangu," akasema.

Namnyaki akapita. Akaenda na njia ya mtoni, hakugeuka, na nyimbo zikaanza tena mbele yake, zikavuka maji, zikapanda upande wa pili mpaka zikawa ndogo. Watu wakarudi nyumbani kula. Nalepo alibaki juu ya jiwe, anatazama njia isiyo na mtu.

Bibi yangu akaenda akaketi chini kando yake, akanyoosha miguu, akajiweka sawa kama mtu asiye na haraka.

"Haya, mama," akamwambia. "Umeamkia wapi?"

Nalepo akajifuta uso kwa kiganja, akaanza tangu siku Namnyaki alipozaliwa.

"Ee," akaitikia bibi yangu. "Ee."